Brahma weupe wa Uyole: shajara ya mradi, kutoka yai hadi meza ya mwamuzi

Kabla ya kuanza: karatasi ya kiwango

Mradi ni mdogo, wa kuku wa aina ya Brahma: jogoo mmoja, matetea watatu, mashine ya kutotolesha ya mayai 48, na banda la matofali ya kuchoma Uyole, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Lengo ni kuku wanne, majogoo vijana wawili na mitemba (matetea vijana) wawili, watakaopanda mezani kwenye maonyesho mwishoni mwa Julai wakapimwe na mwamuzi kwa kiwango kilichoandikwa, si kwa jicho la mnunuzi wa gulioni.

Tofauti hiyo ndiyo mradi wenyewe. Huku Nyanda za Juu Kusini kuku yeyote mkubwa mwenye manyoya miguuni anauzwa kwa jina la Brahma, hata kama baba yake ni chotara wa kijijini. Kiwango hakimtambui hivyo. Chama cha wafugaji wa kuku cha Marekani kiliundwa mwaka 1873, kitabu chake cha viwango kikatoka 1874, na Brahma mweupe pamoja na yule wa rangi ya giza wamo tangu toleo hilo. Wa rangi ya dhahabu aliingia 1924. Waingereza nao wana kitabu chao. Kwa Marekani jogoo aliyekomaa awe na kilo 5.4 na tetea kilo 4.3. Kwa Uingereza jogoo ni kilo 4.55 hadi 5.45, tetea 3.2 hadi 4.1, jogoo kijana 3.6 hadi 4.55, mtemba 2.7 hadi 3.6.

Jogoo wa mradi, miezi 18, amepima kilo 4.7. Marekani angehesabiwa mwepesi, Uingereza amepita. Kwa hiyo kitabu kimechaguliwa kimoja, cha Uingereza, na hakichanganywi na kingine. Kuokota uzito huku na rangi kule ndilo kosa la kwanza la wanaoanza, maana mwishoni kila kuku anakuwa sahihi.

Karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa banda inasema hivi kwa ufupi. Kichwa kidogo, paji pana linaloning'inia kidogo juu ya jicho. Upanga wa kichwani uwe wa njegere: mistari mitatu ya vipele vifupi, wa katikati umezidi kidogo. Mgongo mfupi na mpana, unaopanda taratibu kuelekea mkiani. Kifua kimejaa. Miguu ya njano, imesimama mbalimbali, manyoya yakiteremka upande wa nje hadi kufunika kidole cha nje na cha kati. Mwili mweupe, manyoya ya shingo meusi yenye ukingo mweupe, mkia mweusi, na weusi wa bawa ufichike bawa linapofungwa.

Umbo linatangulia rangi. Anayetaka kuamini hilo awashike kuku usiku, gizani, kwa viganja viwili mgongoni: Brahma halisi anajaza mikono yote miwili kabla hujafika kiunoni.

20 Septemba. Mayai yaingia

Mayai 36, kumi na mawili kwa kila tetea, yameandikwa A, B na C kwa penseli. Kalamu ya wino wa rojo haifai, wino unapenya ganda. Jumla yamepima gramu 2,088, wastani gramu 58.

Wiki mbili kabla ya kuanza kuokota mayai, manyoya laini ya matakoni yalipunguzwa kwa mkasi, jogoo na matetea wote. Brahma ana manyoya mengi eneo hilo hata jogoo anapanda na mbegu haifiki. Wanaolalamika kwamba Brahma hawarutubishi mayai, wengi hawajawahi kushika mkasi.

Kipimajoto cha mashine kimekaguliwa kwa kile cha homa, vyote viwili kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu: cha mashine kilikuwa juu kwa nyuzi 0.4. Njia ya kukagua kwa maji yanayochemka isitumike huku. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kipimaunyevu kimekaguliwa kwa chumvi: kifuniko cha chupa kilichojaa chumvi iliyololeshwa kidogo, pamoja na kipimo, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri kwa saa kumi na mbili. Kinatakiwa kisome 75. Kimesoma 69, kwa hiyo kila namba yake inaongezwa 6.

Joto nyuzi 37.6, feni ikiwa inazunguka. Unyevu asilimia 45.

27 Septemba. Siku ya saba

Trei imepimwa kabla ya kutoa yai lolote: gramu 1,948. Yamepungua gramu 140, yaani asilimia 6.7. Hapa ndipo mwinuko unapodai chake. Yai linatakiwa lipoteze kama asilimia 12 ya uzito hadi siku ya 18, hivyo siku ya saba lisizidi asilimia 4.7. Hewa nyepesi ya milimani inaruhusu maji yatoke kwenye ganda haraka kuliko pwani, na unyevu wa asilimia 45 unaomfaa mtu wa Dar es Salaam unakausha mayai hapa. Bakuli la pili la maji limeingizwa na sponji imesimamishwa ndani yake ili uso wa maji upanuke. Kina cha maji hakisaidii, upana ndio unaosaidia. Unyevu umepanda hadi 58.

Kwa tochi: mayai 6 hayana kitu, manne kati yake ya B. Yamebaki 30.

11 hadi 12 Oktoba. Vifaranga

Mayai matatu yalikufa mapema (pete ya damu), 27 yakaingia siku tatu za mwisho kwenye unyevu wa asilimia 70, vifaranga 23 wametoka. Wanne wamefia ndani ya ganda, wawili wakiwa wamegandwa na utando mkavu kama karatasi. Hiyo bado ni kazi ya wiki ya kwanza. Kilichokauka mwanzo hakirudi kwa kuongeza maji mwisho.

Mgawanyo: A 8, B 7, C 8. Kila kifaranga ametobolewa tundu dogo kwenye ngozi kati ya vidole, mguu wa kushoto kwa A, wa kulia kwa B, yote miwili kwa C. Wiki ya pili tundu likaguliwe, huwa linaziba.

Habari kubwa ya siku ni panga. Vifaranga watatu wa C wana upanga wa msumeno, ule mmoja uliosimama kama wa kuku wa kienyeji. Brahma haruhusiwi kuwa nao. Upanga wa msumeno unajificha: kuku anaweza kubeba nusu yake damuni na kichwani akaonyesha njegere. Ili kifaranga autoe, lazima aupokee kwa baba na kwa mama. Maana yake tetea C anaubeba, na jogoo naye anaubeba, hakuna njia ya kumtetea.

Na A na B? Hawana kifaranga hata mmoja wa msumeno, lakini hilo haliwasafishi. Kama A angekuwa anaubeba, kila kifaranga angekuwa na nafasi robo tatu ya kutoka salama, na wanane mfululizo kutoka salama kwa bahati ni jambo la mara 10 katika 100. Ili nafasi hiyo ishuke hadi 1 katika 100 wanahitajika vifaranga 16. Kwa sasa A na B wameandikwa "hawajathibitika".

Jogoo hachinjwi. Mgongo wake ni mpana kuliko wowote uliopatikana kati ya Mbeya na Makambako, na upanga mbaya unaweza kusafishwa kwa vizazi viwili vya hesabu. Mgongo mwembamba huwezi kuusafisha, unatafuta kuku mwingine.

9 Novemba. Wiki ya nne, vidole

Joto la kulelea lilianza nyuzi 34 na limeshuka kama nyuzi 3 kila wiki. Kifaranga mmoja amekufa kwa baridi usiku ambao umeme ulikatika, wa pili, aliyeonekana dhaifu tangu kutotolewa, naye amekufa. Wamebaki 21. Chanjo ya kideri, ile ya I-2 inayovumilia joto, tone moja jichoni siku ya 7 na ya 21, kisha kila miezi mitatu. Gumboro siku ya 14 na 28. Ndui itakuja wiki ya nane, na kwa kuku wa maonyesho si ya hiari: kuku akipona ndui, makovu yanabaki kwenye upanga na uso, mahali mwamuzi anapotazama kwanza.

Tatizo la mwezi huu ni vidonge vya kinyesi. Manyoya ya vidoleni yanashika kinyesi na vumbi la chakula, mchanganyiko unakauka, na kidole cha kati kinavaa kokoto ngumu kama punje ya hindi. Ukiivuta inatoka na ukucha, na ukucha ulioondoka na mzizi wake haurudi vizuri. Miguu ilowekwe kwenye maji ya vuguvugu dakika kumi, kisha kidonge kiminywe taratibu kwa koleo ndogo, pembeni, mpaka kipasuke chenyewe. Dakika nne kwa kila kifaranga. Dawa ya kudumu ni kupandisha vyombo vya chakula usawa wa mgongo na kubadili maranda kabla hayajanuka.

6 Desemba. Wiki ya nane, mchujo wa kwanza

Wametoka wanane. Wanne hawana manyoya kwenye kidole cha kati. Hayo hayaoti baadaye, kifaranga aliyezaliwa kidole kitupu atakufa kidole kitupu. Mmoja ana kidole kilichopinda. Mmoja ana bawa linaloteleza, yaani manyoya ya kurukia yanabaki nje bawa linapofungwa. Kuna wanaolifunga kwa plasta siku kadhaa na likanyooka, lakini kasoro inabaki kwenye damu na wajukuu watakuja nayo. Wawili ni majogoo wa msumeno.

Mtemba wa msumeno amebaki. Sababu iko mwishoni mwa shajara.

18 Januari. Mvua na sakafu

Sakafu ndiyo imekula muda wote wa masika haya, na ndiyo kiini cha kufuga Brahma milimani. Kuku wa miguu mitupu akikanyaga tope anajikung'uta na kuendelea. Brahma analibeba tope hilo siku nzima, linakauka, manyoya yanapinda, kisha yanavunjika yakigusa ukingo wa chombo. Unyoya uliovunjika unakaa vivyo hivyo mpaka kuku anyonyoke au ung'olewe.

Jaribio la kwanza lilikuwa pumba za mpunga, kwa kuwa ni rahisi: magunia yanakuja kutoka Mbarali kila wiki. Halikufaulu. Pumba hazinywi maji, zinateleza tu juu ya unyevu, na ncha zake kali zinajichoma katikati ya manyoya ya vidole na kuwasha. Kuku walianza kujidonoa wenyewe. Vumbi la mbao nalo likakataliwa bila majaribio, maana linaingia machoni na likilowa linakuwa uji.

Kilichofaa ni maranda ya paini, yale makubwa yaliyokunjamana, kutoka kwenye karakana zinazopokea mbao za Mafinga. Kina sentimita 12, magunia sita kwa chumba cha mita 3 kwa 4. Yachujwe misumari kwa sumaku ya spika ya zamani. Katika gunia la tatu ilipatikana minne. Vyombo vya maji vimewekwa juu ya trei ya mbao yenye wavu na kokoto chini yake, ili maji yanayomwagika yasifike kwenye maranda. Maranda yaliyolowa karibu na trei yanatolewa kila asubuhi, ndoo moja hivi, na mapya yanaongezwa.

Kuku hawatoki nje kabla ya saa nne, umande ukauke. Siku ya mvua hawatoki kabisa. Kwa sababu wanashinda ndani nafasi imekuwa mita moja ya mraba kwa kuku wawili, na matundu ya hewa chini ya bati hayazibwi hata usiku wa baridi. Ukifunga kila kitu, hewa ya kinyesi inawasha macho, na kuku mweupe anabadilika rangi kama shati lililosahauliwa jikoni.

Vichanja vimeshushwa hadi sentimita 25 kutoka chini, ubao wa upana wa sentimita 10, upande bapa juu. Kuku wa kilo nne akiruka kutoka kichanja cha mita moja anatua kwa kishindo, na kidonda cha unyayo kinaanzia hapo.

28 Februari. Wiki ya 20, chakula na mchujo wa pili

Chakula cha kukuzia, kilo 50: mahindi yaliyoparazwa 24, pumba za mahindi 9, mashudu ya alizeti 9, soya iliyokaangwa 5, dagaa 1.5, chokaa ya mifugo gramu 750, unga wa mifupa gramu 350, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 250, chumvi gramu 150. Protini inafika karibu asilimia 16. Soya mbichi isitumike, ina kizuizi kinachozuia tumbo kusaga protini. Dagaa waloweshwe kiganja kimoja kwenye glasi ya maji: mchanga ukizama wa unene wa kidole, umenunua ziwa, si samaki. Mahindi yenye ukungu hayachanganywi hata kwa kiasi kidogo.

Wanaotaka Brahma mkubwa haraka wanampa chakula cha kuku wa nyama. Anapata uzito, miguu inashindwa kubeba, na kifua kinatangulia mgongo. Brahma anajijenga taratibu. Mifupa kwanza, nyama mwaka wa pili.

Watano wametolewa kwa migongo myembamba. Kipimo ni rula ya fundi cherehani iliyopitishwa mgongoni nyuma ya mabawa, kuku akiwa ametulia. Wamebaki majogoo vijana watatu na mitemba wanne, mbali na yule wa msumeno.

Jogoo namba 7 ni mkubwa kuliko wote, kilo 3.1, na kila anayepita dirishani anamuulizia bei. Kwenye daftari ameandikiwa alama ya kuuliza: nyuma ya goti yameanza kuchomoza manyoya magumu, marefu, kama kisu. Wafugaji wa maonyesho wanaliita goti la tai. Manyoya ya hapo yanatakiwa yawe laini na yajikunje kwa ndani.

15 Machi. Magamba

Mtemba namba 12 amekutwa magamba ya mguu yameinuka, chini yake unga mweupe. Ni utitiri wa miguu. Kwa kuku wa kawaida unaonekana kwa mbali. Kwa Brahma manyoya yanauficha, unagundua kwa kidole tu. Kwa hiyo kila Jumapili miguu yote inapapaswa. Papo hapo pete za plastiki za miguuni nazo zikaguliwe. Zile tai za waya zinazotumiwa kama pete zinakata nyama mguu unaponenepa, na damu haionekani mpaka kuku achechemee.

Tiba ya mitaani ni mafuta ya taa au oili chafu ya gari. Inaua utitiri, na ngozi pia, na manyoya ya mguuni yanadondoka. Hapa imetumika mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na manukato, yakisuguliwa kwa mswaki laini kuelekea chini, kila siku ya tatu, mara sita. Utitiri unakosa hewa. Magamba yaliyoinuka hayang'olewi. Vichanja vyote vimepakwa chokaa.

19 Aprili. Njano inayotakiwa na njano isiyotakiwa

Miguu imepauka. Sababu ni mahindi: mahindi yetu ni meupe, hayana rangi ya njano ambayo kuku anaihifadhi kwenye ngozi. Kwenye nchi zinazolisha mahindi ya njano tatizo hili halijulikani. Majani mabichi yanaziba pengo hilo: majani ya viazi vitamu, mchicha, lusani. Lakini kuna mtego. Rangi ileile ikitolewa kwa wingi wakati manyoya meupe yanaota, inaingia kwenye unyoya na kuku anatoka rangi ya maziwa yaliyochemshwa. Utaratibu uliofuatwa: majani kidogo mpaka manyoya yakomae, yaani mrija wa unyoya uwe mkavu na mweupe hadi chini, kisha kiganja kimoja cha majani kwa kila kuku kila siku.

Jua nalo. Jua la mwinuko huu linachoma, na majogoo ndio wanaopata kutu ya njano mabegani. Nyavu ya kivuli imefungwa juu ya uwanja wote. Mtemba akianza kutaga kwa wingi miguu yake inapauka tena, kwa kuwa rangi inakwenda kwenye kiini cha yai. Hakuna la kufanya hapo isipokuwa kupanga tarehe.

24 Mei. Kung'oa

Zimebaki wiki tisa. Manyoya ya mguuni yaliyovunjika yanang'olewa leo, kwa kuwa yanahitaji wiki sita hadi nane kuota na kukomaa. Ukichelewa mpaka Julai, siku ya meza kuku atakuwa na vijiti vya buluu vilivyojaa damu. Unyoya unashikwa karibu na ngozi na kuvutwa kuelekea unakoelekea, mmoja mmoja, usiozidi minne kwa mguu kwa siku. Unyoya mchanga wenye damu hauguswi. Ukikatika kwa ajali, bana kwa unga wa mahindi na kidole mpaka damu isimame, na mtenge kuku huyo. Wenzake wakiona nyekundu hawaachi.

Kung'oa unyoya uliovunjika ili uote mpya ni matunzo. Kung'oa unyoya mweusi mgongoni ili kuku aonekane msafi, au kupaka rangi, ni udanganyifu, na kuku anaondolewa mezani. Jogoo namba 3 ana manyoya mawili yenye doa mgongoni. Yamebaki.

28 Juni. Baridi na vizimba

Usiku joto linashuka hadi nyuzi 5 au 6. Baridi yenyewe haimwumizi Brahma, na upanga wa njegere ni mfupi kiasi kwamba hauumwi na barafu kama wa msumeno. Unyevu ndio adui.

Mazoezi ya kizimba yameanza: kizimba cha sentimita 70 kila upande, saa mbili kwa siku wiki ya kwanza, kisha mchana kutwa. Kuku aguswe kila siku kwa kijiti chembamba chini ya kifua mpaka ainuke na kusimama wima badala ya kujikunyata. Atolewe kichwa kikitangulia na arudishwe kichwa kikitangulia. Akirudishwa kinyumenyume, manyoya ya mkia yanajipinda mlangoni. Punje chache za alizeti baada ya kila mguso. Namba 3 alikubali siku ya nne. Mtemba namba 9 mpaka leo anapiga mabawa.

23 Julai. Kuosha

Siku tatu kabla ya meza, ili mafuta ya asili yarudi kwenye manyoya. Mabeseni matatu ya lita 20, maji ya joto la mwili. La kwanza lina vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji ya vyombo; kuku anazamishwa hadi shingoni na kusuguliwa kwa sponji kufuata unyoya, kamwe si kinyume. Miguu kwa mswaki. La pili lina maji na vijiko vinne vikubwa vya siki, kuondoa sabuni. Sabuni ikibaki, manyoya yanashikamana kama nyuzi za mopu. La tatu lina kijiko kimoja cha gliserini na chembe ya buluu ya kufulia, kiasi cha maji kuonekana kama anga la asubuhi. Buluu ikizidi unapata kuku wa buluu, na haitoki kwa siku tatu.

Baridi ya Julai inataka kukausha ndani, kwa taulo halafu draya ya saluni kwa joto dogo. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa lisitumike hata kwa dakika: hewa yake haina harufu, inaua kuku na mwoshaji pamoja.

Safari ya kwenda mezani ni kwa maboksi, kuku mmoja boksi moja, maranda chini, matundu pembeni. Kumfunga miguu kwa kamba kama tunavyobeba kuku wa soko la Mwanjelwa kungemaliza kazi ya miezi tisa ndani ya nusu saa.

26 Julai. Meza

Uzito: jogoo namba 7 kilo 4.4, namba 3 kilo 3.9, mtemba namba 9 kilo 3.2, namba 15 kilo 2.9. Wote wako ndani ya kiwango cha umri wao.

Namba 7 amekuwa wa mwisho. Goti la tai limekomaa, na mgongo umelegea katikati. Namba 3 ametangulia majogoo: mgongo, paji na miguu vimempa alama, madoa mawili yamempunguzia kidogo. Kwa mitemba, namba 15 amempita namba 9, ambaye alikataa kusimama na mwamuzi hakuweza kuona mstari wa mgongo wake. Kasoro ya jumla iliyoandikwa kwa wote wanne ni ukingo mweupe wa manyoya ya shingo ambao umefifia kuelekea chini.

Nje ya ukumbi watu wawili walimtaka namba 7 na kupandishiana bei. Ameuzwa kwa maandishi kwamba ni wa mapambo, si wa kuzalisha.

9 Agosti. Kinachofuata

Namba 3 ni mtoto wa A na wa jogoo anayebeba upanga wa msumeno, kwa hiyo nafasi ya kuubeba naye ni nusu au zaidi. Leo amewekwa chumba kimoja na yule mtemba wa msumeno aliyebakizwa Desemba. Mtemba huyo hana la kuficha: kama namba 3 anaubeba, nusu ya vifaranga watatoka na msumeno. Wakitoka saba mfululizo wenye njegere, nafasi kwamba ni bahati inashuka chini ya 1 katika 100, hesabu ambayo kwa tetea wa njegere anayeubeba ingedai vifaranga 16.

Manyoya ya matakoni yameshapunguzwa kwa wote wawili. Mayai yataanza kuokotwa tarehe 23, na mashine itaanza na unyevu wa asilimia 58, si 45.